Jina Liingie Mwisho: Oda Yangu ya Harusi ya Shambani Lushoto



Nyumbani kwangu Kimara kuna boksi lenye vitambaa 120 vya mezani. Pamba nzuri, rangi ya maziwa, kila kimoja kimechapwa majina ya bibi na bwana harusi pamoja na tarehe: 27 Julai 2024. Siku hiyo hakuna harusi iliyofungwa. Ilikuja kufungwa tarehe 31 Agosti, vitambaa vikabaki kwangu. Shilingi 264,000 zimelala humo kwenye boksi na hakuna wa kumuuzia, maana nani atakubali kufutia mdomo jina la mume wa mwenzake?

Najua wengi humu mnauza vitu vya kuandika majina: vikombe, fulana, kadi, mikoba ya zawadi. Na sasa hivi wateja wameanza kuulizia harusi za shambani, zile za nje ya mji, meza za mbao, taa za balbu zinaning'inia kwenye miti, kila kitu kina jina la wahusika. Ni kazi inayolipa, na kwenye picha inapendeza sana. Ila ina mtego, na mimi niliingia miguu yote miwili. Nawasimulia na hesabu zake zote.

Bibi harusi alinipata Instagram mwezi wa nne. Meseji yake ya kwanza ilikuwa picha kumi na saba, zote za Ulaya na Marekani: ghala la mbao lililopakwa chokaa, marobota ya majani makavu yamefanywa viti, mapipa ya mvinyo yamefanywa meza, maua meupe kila kona. "Dada, nataka kama hivi, ila iwe yetu." Wageni 120. Mahali: shamba la marehemu babu yake, Lushoto.

Hapo nilifanya jambo moja la akili, nalisema kwa sababu mengine yanayofuata hayana akili. Nilimwambia sitoi bei mpaka nifike. Wengi wetu tunatoa bei kwa kuangalia picha ya ukumbi, na ukumbi wa mjini unaruhusu hilo: sakafu ipo, umeme upo, vyoo vipo, mvua ikinyesha hamna habari. Shamba halina hata kimoja cha kuchukulia poa. Nauli, boda na kulala vilinila 110,000, na kama ningepiga bei kwa picha peke yake ningepoteza mara tatu ya hiyo.

Ilikuwa katikati ya Mei, masika. Pale Mombo unaiacha barabara kuu ya Arusha unaanza kupanda, kama kilomita 33 za lami nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Kama umebeba vitu vya kioo utasali. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Dar ukishuka kwenye basi na kitenge chako chepesi unajuta.

Nilifika shambani asubuhi, ukungu umefunika huoni hatua thelathini mbele. Ulipoondoka nikaona kitu ambacho hakuna picha iliyonionyesha: mteremko. Sehemu tambarare zilikuwa mbili tu, ua wa mbele ya nyumba na kipande chini ya miparachichi, hatua kama arobaini kwa ishirini na tano. Nikapima kwa miguu. Meza ya duara ya watu kumi na viti vyake inataka karibu mita tatu na nusu kila upande, kama unataka mhudumu apite na sinia bila kumwagia mtu mchuzi. Wageni 120 wanaenea. 

Umeme ulikuwepo, lakini umeme wa nyumba ya watu, soketi mbili. Muziki, friji ya vinywaji na taa vikiwashwa pamoja, swichi inakatika. Choo kimoja safi cha nje. Kutoka lami hadi pale kilomita nne za udongo, ambazo Mei ni kilomita nne za utelezi. Na mtandao wa simu unaupata ukienda kusimama kwenye jiwe moja karibu na zizi. Hilo la mwisho lidharau uone: siku ya tukio unadaiwa na dereva, unadaiwa na wabebaji, hela yako yote iko kwenye simu na simu haifiki popote. Tembea na keshi.

Mlangoni alikuwa amekaa bibi yake, blanketi limemfunika miguu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo wewe unayekuja kutuozesha?"

Nikacheka, nikamwambia mimi wa mapambo tu, bibi. Akasema, "Basi pamba na mlango huu, maana mimi huko chini kwenye miparachichi sitafika."

Miguu haimbebi tangu alipoanguka. Usiku ule bibi harusi alinipigia nikamuuliza, akaniambia mama yake alifariki akiwa darasa la pili, huyu bibi ndiye aliyemlea, na safari ya Dar haiwezi tena. Ndiyo maana Lushoto. Zile picha kumi na saba alizitafuta baadaye, kujipa moyo kwamba harusi ya shambani nayo ni harusi.

Nilirudi Dar na bei. Chupa 120 za asali za kumpa mgeni aondoke nayo, elfu sita moja: 720,000. Vitambaa vya mezani 120 kwa elfu nne: 480,000. Mapambo ya katikati ya meza 15, kila meza elfu thelathini na tano: 525,000. Bango la kukaribisha na la kuonyesha nani anakaa wapi: 220,000. Usafiri na kupanga: 650,000. Jumla 2,595,000. Akasema sawa dada, na ndani ya saa moja akatuma laki tano.

Mwenzenu nikaona kazi imekamilika. Laki tano ya papo hapo! Nikaenda kwenye VICOBA yetu nikakopa 1,200,000, miezi mitatu, riba laki moja na ishirini, nikaanza kununua. Asali 420,000 pamoja na chupa. Vitambaa 264,000, nikavichapisha siku hiyohiyo kwa sababu fundi alinipa punguzo. Vipande vya magogo 15 vya kuwekea maua, 180,000. Mbao na kuchoma maandishi ya bango, 70,000. Magunia na kamba za katani 90,000. Lebo 120 za asali, majina na tarehe, 60,000. Ongeza ile safari ya 110,000. Imetoka 1,194,000, yeye kanipa laki tano, kwa hiyo 694,000 ni ya VICOBA iko nje na bado harusi haijawa.

Katikati ya Juni nikaomba salio. "Dada ngoja niulizie kamati." Kimya wiki nzima. Kisha bwana harusi akanipigia, sauti ya chini chini: kamati imeshalipia ukumbi Dar, watu mia tatu, na mpambaji wao wanaye.

Mimi sikuwa nimeuliza kuhusu kamati. Yaani Mtanzania mzima, nimechangia harusi za watu tangu nina miaka ishirini, kadi za michango zinajaa kwenye WhatsApp yangu kila mwezi, na mteja anakuja na harusi ya milioni kadhaa sijamuuliza kamati iko wapi na mweka hazina ni nani! Kwetu hapa anayechagua rangi ni bibi harusi, lakini harusi yenyewe husimamiwa na kamati ya upande wa mume, upande wa binti wao wana send-off yao. Hela iko kwa mweka hazina. Na kila aliyechanga ana nafasi yake, awe na kadi ya mtu mmoja au ya wawili. Kumwambia mtu aliyechanga kwamba harusi ni ya watu 120 na yeye hayumo, hiyo si bajeti tena, huo ni ugomvi wa ukoo.

Nikaomba dakika kumi kwenye kikao. Kilikuwa Jumapili, saa kumi jioni, kwenye bustani ya baa moja Sinza. Nikaenda na chupa moja ya asali yenye lebo, kitambaa kimoja, kipande kimoja cha gogo, na daftari langu la matumizi. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo wa bwana harusi, watu wa Marangu, mzee mpole ila hana haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu tuambie, nani amekutuma ununue hivi vitu?"

"Oda nilipewa na bibi harusi, baba."

"Akakulipa ngapi?"

"Laki tano."

"Na wewe umetumia ngapi?"

"Milioni moja, laki moja na tisini na nne elfu."

Kikao kikanyamaza. Mweka hazina, shangazi yake bwana harusi, akaishika ile chupa ya asali akaigeuza geuza. "Sasa mwanangu, mtu kachanga laki moja, apande mlima mpaka Lushoto, halafu unamkabidhi hii?" Watu wakacheka. Mzee mwingine pembeni akasema mambo ya kwenye simu haya, sisi tumetoka shambani kuja mjini, nyie mnaturudisha. Wakacheka tena. Na mimi nikacheka nao, lakini nilikuwa nawaza marejesho ya VICOBA.

Ndipo nikasema jambo ambalo mpaka leo sina uhakika kama lilikuwa langu kulisema. "Baba, samahani kama navuka mpaka. Mimi nimefika pale shambani. Bibi yake hawezi kusafiri. Ndiyo sababu ya Lushoto, si picha."

Bwana harusi alikuwepo, anaangalia chini. Baba mdogo akamgeukia. "Bibi yupi? Yule aliyemlea?" Akajibu ndiyo. "Na hukutuambia?" Hakujibu.

Sitaki kuwadanganya kwamba nililia wakalia tukakumbatiana. Waliniambia nisubiri nje. Nikakaa na soda yangu karibu saa nzima. Waliponiita walikuwa na mpango: ibada na chakula cha mchana Lushoto, watu 90 tu, ndugu wa karibu wa pande mbili, tarehe 31 Agosti. Sherehe ya wachangaji wote ukumbini Dar, tarehe 7 Septemba, na mpambaji wao wa siku zote. Mimi nibaki na Lushoto. Tukakaa na shangazi tukapiga hesabu upya, vitambaa nikaviondoa mwenyewe kwa sababu tarehe imekufa, tukafika 2,180,000 kwa jumla, yaani bado wanidai... hapana, bado nawadai 1,680,000. Nusu kesho yake, nusu wiki moja kabla. Asubuhi saa tatu shangazi akatuma 840,000 kwenye lipa namba, nikampigia kumshukuru, akasema, "Siku nyingine anza na sisi."

Bibi harusi alininunia siku mbili. Alisema hakutaka ukweni waone anaomba huruma. Nilimwelewa. Baadaye tulizungumza yakaisha, lakini nawaambia na hilo ili msidhani mwenye kuokoa oda anapigiwa makofi na kila mtu.

Sasa rudi kwenye vile vitu vyangu, uangalie nini kilipona na nini kilikufa. Vipande vya magogo vilipona vyote, havikuwa na jina. Magunia na katani vilipona. Bango lilipona kwa bahati tu: fundi alikuwa ameandika majina, nafasi ya tarehe ikakosekana. Asali ilipona kwa sababu ya uvivu wangu. Lebo zilikuwa 120 lakini nilikuwa nimebandika chupa 40, nikachoka. Hizo 40 nikaziloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, lebo zikatoka. Harusi ilitaka chupa 90, zilizobaki 30 nikaziposti stetasi kama asali ya kawaida, elfu sita sita, zikaisha siku mbili. Angalia hapo: chupa ileile, asali ileile. Isiyo na jina inauzika kwa mtu yeyote mwenye mkate. Yenye jina la watu ina mnunuzi mmoja duniani, na huyo akibadili mawazo umekwisha.

Kwa hiyo siku hizi kazi yangu naipanga kinyume na zamani. Nanunua kitu kitupu, nakipamba kitupu, nakifunga kitupu. Jina linaingia mwisho, na halitoki mfukoni mwangu: gharama ya kuchapa majina yote inalipwa kabla, kamili, na harudishiwi mtu. Tarehe siiandiki kabisa mpaka nijue ndoa imetangazwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisani ndoa inatangazwa Jumapili tatu. Namuuliza mteja bila aibu, "Dada, mmeshatangazwa?" Kama bado, tarehe yake mimi naiona ya kuzungumza tu. Ningeliuliza swali hilo mwezi Juni, nisingekuwa na boksi la vitambaa.

Na majina yenyewe namwambia ayaandike yeye kwa mkono wake kwenye meseji, mimi nanakili. Nilishawahi kuchapa vikombe 60 vya "Jackline", mwenyewe anajiandika "Jaqueline". Kosa lilikuwa langu, nikalipa mimi.

Tarehe 29 Agosti, Alhamisi, tuliondoka na Canter, mimi, dereva na vijana wawili. Chupa tulizifunga kwa magazeti na majani makavu ya migomba, kwenye matenga, hazikuvunjika hata moja kwenye zile kona. Hapa niseme kuhusu magogo, maana wengi mnauza: hayo ni mazao ya misitu. Nunua kwenye karakana inayokupa risiti, na ukibeba mengi kwenda mkoa mwingine ulizia kwanza ofisi ya TFS karatasi zinazotakiwa, usije ukakesha getini na maua ya watu.

Korogwe tulisimama nikaongeza kamba za katani. Barabara ile yote unapita mashamba ya mkonge, mistari na mistari, na nilikuwa nimenunua katani yangu ya kwanza Kariakoo kwa bei ya juu, eti kwa sababu imewekwa kwenye kifungashio cha mapambo. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ikapona miche 62 tu, na kilimo cha mkonge huku kilianza na hiyo. Kitu cha shambani kinunue kwenye shamba lake.

Na hilo ndilo lililonifundisha kuachana na zile picha kumi na saba. Marobota ya majani Lushoto hakuna, na ukiyapata yanawasha miguu. Mapipa ya mvinyo ndiyo kabisa. Lakini pale shambani kulikuwa na matenga ya nyanya, kinu cha bibi, mikeka, vyungu, mabenchi ya kuazima kanisani, karoti na kabichi za kutosha kupamba mkoa. Mabenchi tukayatandika vitenge. Matenga tukayapindua yakawa meza ndogo. Mishumaa upepo wa mlimani ungeizima, kwa hiyo kila mmoja tuliuweka ndani ya chupa pana ya kioo yenye mchanga chini. Jenereta na mahema mawili vilikodiwa Lushoto mjini, na mahema nilisisitiza mimi, ingawa Agosti ni kiangazi na mwenyekiti aliona ni hasara. Usambara haijui kiangazi cha Dar. Saa tisa alasiri yalishuka manyunyu ya nusu saa, mwenyekiti akasogea chini ya hema, akaniangalia, hakusema kitu.

Kitu kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote. Orodha ya wageni ilibadilika mpaka Ijumaa usiku, kwa hiyo kuandika jina la kila mgeni isingewezekana. Badala yake meza zilikuwa tisa, na kila meza nikaipa jina la mahali badala ya namba. Upande wa binti: Soni, Mlalo, Mtae, Magamba, Mombo. Upande wa kijana: Marangu, Machame, Kibosho, Rombo. Mpwa wangu ana mwandiko mzuri, aliandika kwa kalamu nyeupe kwenye vipande vya magogo, usiku huohuo, kwa taa ya jenereta. Kalamu mbili, elfu nne. Wazee walikuwa wanazunguka kutafuta kwao. Yule aliyesema tunawarudisha shambani nilimkuta amekaa meza ya Machame anabishana na mwenzake wa Kibosho kahawa ya wapi ni nzuri, ndafu inakatwa nyuma yao, hana habari na mtu.

Mlango wa bibi tuliufanya wa kwanza. Kamba za katani, tenga mbili za maua ya shambani, mkeka mpya chini ya kiti chake. Kanisa liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Maharusi walivyotoka huko MC alikuwa ameshaanza kuwaita wapite katikati ya meza, wakampita. Walipanda moja kwa moja mpaka mlangoni, wakapiga magoti. Baba mdogo akamnyang'anya MC kipaza sauti, akawaambia watu wote wapande juu wamsalimie bibi kwanza, chakula kitasubiri. Kikasubiri dakika arobaini, mpishi analalamika. Picha za pale sikuposti. Niliposti tatu za meza, baada ya kuwaomba ruhusa wote wawili.

Hesabu ya mwisho hii hapa. Kilichoingia: 2,180,000 za familia, na 180,000 za asali iliyobaki, jumla 2,360,000. Kilichotoka: ile 1,194,000 ya mwanzo, 480,000 ya Canter, mafuta, vijana na kula, 55,000 ya lebo mpya, kalamu na vikorokoro, na riba ya VICOBA 120,000. Jumla 1,849,000. Nikabaki na 511,000 kwa kazi ya miezi minne, na usingizi uliopotea Juni sijauwekea bei. Ningeacha kuchapa vile vitambaa, ningekuwa na 775,000.

Tangu niposti zile picha tatu, meseji za harusi za shambani zinakuja kila wiki. Wengi wanaulizia bei ya bango wanapotea. Wachache ninawauliza maswali matatu tu: kamati yenu mweka hazina ni nani, mmetangazwa lini, na nani katika familia lazima awe pale. La tatu sikuwa nalo zamani. Bila hilo sijui hata nipambe wapi.

Sasa hivi nina mmoja wa Njombe, wageni 70, shamba la chai la baba yake mkubwa. Kalipa laki nne. Kikao chao ni Jumapili na mimi nimealikwa. Asali nimeshanunua, iko kwenye rafu, chupa hazina lebo.